Kikojozi wa Chumba cha Baridi

Fundi alifika kwenye ghala la samaki asubuhi, begi la spana begani, mgongo umeshachoshwa na barabara, na hajui mlango ni upi. Kila ghala kwake lilikuwa geni; alichokifahamu ni mashine tu. Msimamizi, mwanamume asiyeishiwa maneno, akampeleka moja kwa moja kwenye foko, gari dogo la kuinulia mizigo, iliyosukumwa kutoka chumba cha baridi hadi koridoni.

"Dada, huyu ndiye Kikojozi. Anakunywa haidrojeni, anakojoa maji. Sasa kagoma."

Fundi akalegeza bolti, akaanza kutenganisha seli moja moja. Ndani ya seli haidrojeni hukutana na hewa, umeme ukatoka na maji yakazaliwa. Utando wa katikati hautaki kukauka, lakini maji yakizidi, hewa hukosa njia. Ndiyo maana ubavuni mwake hulazwa karatasi nyeusi za kaboni, zenye vitundu visivyoonekana kwa macho na dawa ya kukataa maji, ili hewa iingie na maji yatoke. Alizozitoa zilikuwa zimebambuka kama maganda ya kitunguu.

"Barafu hii," alisema. "Maji yamebaki kwenye vitundu, yakaganda mle chumba cha baridi, yakavimba. Ukizima kwa ufunguo, mashine hujipuliza kwanza, kama dakika moja, dereva akiisubiri mle mle, ikayatoa. Kuna mtu anaizima kwa kitufe chekundu."

Kitufe hicho ni cha kuzimia wakati wa hatari, si cha kwendea nyumbani.

Msimamizi akawageukia madereva waliokuwa wakinywa chai ukutani. "Nani? Huyo leo hana kazi hapa."

Fundi akatamani angeumeza ulimi wake. Madereva walitazama vikombe vyao. Mzee mmoja, ambaye wenzake humwita Kipupwe, akavua glavu taratibu.

"Usiwasumbue watoto wa watu. Ni mimi."

Aliingia ghala hilo angali kijana, akibeba makasha ya samaki begani. Zikaja foko za betri: unazima, unakwenda zako. Kisha akaja Kikojozi, anayetaka asubiriwe kama bibi harusi. Vifundo vya vidole vya mzee vilikuwa vimevimba. Siku hizi hufungiwa vifungo vya shati na mkewe.

"Lakini ni dakika moja tu, baba," fundi alisema.

"Mwanangu, dakika ya mle ndani na dakika ya huku nje si ndugu. Ile ina meno."

Fundi akamgeukia msimamizi. "Bosi, si aizimie huku koridoni? Huku haigandi."

"Korido ni ya mizigo. Akiegesha hapa, lori zitapakiwa saa ngapi?" Msimamizi akashusha pumzi; hata yeye alionekana kuchoka. "Haya, mzee. Tumetoka mbali mimi na wewe. Niahidi tu kwamba utasubiri, yaishe."

Kipupwe aliviangalia vidole vyake. Neno moja lingemrudishia kazi, na kila mtu pale alikuwa akilingoja.

"Nikisema ndiyo nitakudanganya. Kesho vikianza kuuma nitabonyeza tena."

"Mzee, sema tu ndiyo!" dereva mmoja akadakia. "Nyumbani utafanya nini? Kuota jua kama mjusi?"

"Bora mjusi mwenye vidole."

Wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mzee akahangaika na zipu ya koti zito la baridi, ikamshinda. Fundi akainuka, akaishusha. Mzee akalitundika koti kwenye msumari, akapeana mikono na wenzake kwa uangalifu, asibanwe sana, akatoka getini kwa mwendo wa mtu asiyesubiriwa na zamu.

"Itakuwa tayari lini?" msimamizi aliuliza.

"Jioni, labda."

Fundi akakaa tena sakafuni. Akaifungua pakiti ya karatasi mpya, akaichunguza ya kwanza kwenye mwanga, akailaza. Zilizobaki zilikuwa nyingi.