Baba Niliyemwokota Barabarani

Mwanangu, tangu uliponiuliza kama yule msichana aliyekuja na mke wako aambiwe kwamba wewe si baba yake wa damu, au aachwe kwanza akue, nimekuwa nikizunguka na swali lako nyumba nzima. Uliuliza ukiwa mlangoni, kofia mkononi, kama mtu anayetaka jibu la haraka arudi kazini. Jibu la haraka sina. Nina siku moja tu ya utoto wangu pale Salama, na utanivumilia niisimulie polepole, maana hata mimi mwenyewe bado haijaninyookea.

Salama ya wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, ilikuwa maduka machache yaliyotazama barabara ya Mombasa. Tulikaa nyuma ya maduka hayo watu watatu: mama yangu, mimi, na Susu, ndivyo Wakamba tunavyomwita nyanya. Mimi nilipewa jina la Susu, Syombua, kwa sababu kwetu msichana wa kwanza huitwa kwa jina la mama ya baba yake. Yeye aliniita wajina. Mama yangu watu wa soko walimwita mke wa Kioko. Shamba letu lilikuwa shamba la Kioko. Hata mbuzi, ukiuliza, walikuwa wa Kioko. Lakini Kioko mwenyewe sikuwahi kumwona.

Mwanzoni haikunisumbua. Watoto wengi pale baba zao walikuwa Mombasa, bandarini au kwenye reli, na walionekana Krismasi tu. Wangu nilidhani ni mvivu wa kusafiri.

Kisha shule yetu ikataka darasa jipya, na mwalimu akatangaza kwamba kila baba aje Jumamosi na jembe kuchimba msingi. Nilimwambia mama. Mama akaendelea kuchagua kunde. Jumamosi ilipofika, aliyetokea ni Susu, jembe begani, leso imekazwa kiunoni. Alijipanga na wanaume akachimba sehemu yake mpaka ikaisha. Wanaume walimpisha kwa heshima. Watoto ndio hawakuniacha.

"Baba ya Syombua amevaa leso," mmoja akasema, na wote wakaangua kicheko.

Nilijificha nyuma ya choo nikalia kwa hasira. Na ajabu ni kwamba nilimkasirikia Susu, si wale watoto. Mpaka leo sijui kwa nini.

Shule zilipofungwa nilikuwa nikiuza machungwa kando ya barabara, kwenye karai, pale malori yaliposimama. Nikaanza kuwatazama wanaume usoni nikitafuta pua yangu. Siku moja likasimama lori linalotoka Mombasa, na taniboi, kijana msaidizi wa lori, akampigia dereva wake kelele: "Kioko, leta maji ya rejeta!"

Karai lilinitoka mkononi. Ukambani kina Kioko hawahesabiki, hilo nalijua sasa, lakini siku ile nilijua Kioko mmoja tu duniani. Niliyaacha machungwa yakibingirika, nikamwendea nikamshika mkono.

"Nyumbani wanakungoja," nikamwambia.

"Nani ananingoja?"

"Mke wako."

Alicheka, akamwambia taniboi achunge lori, akanifuata. Nadhani alifikiri nimetumwa na mtu wanayejuana. Njiani nilimwonyesha mali yake. Hii shamba ni yako, nikamwambia. Ile mbuzi nyeupe ni yako, na inazaa vizuri. Tulipofika kwenye mbuzi alikuwa ameacha kucheka.

Mama alimwona mgeni, akaingia ndani akafunga mlango. Susu alikuwa uani.

"Susu," nikasema, "nimemleta Kioko."

Susu alimtazama yule mtu kwa muda mrefu. Sura aliyokuwa nayo sijaipatia jina. Nadhani kwa kitambo kidogo hata yeye alitaka kuamini. Kisha akamwuliza, "Wewe ni wa wapi, mwanangu?"

"Mimi ni wa Nuu, mama. Hii mtoto alinishika mkono tu, nikashindwa nitaitoa namna gani."

Susu akampa kiti na kibuyu cha uji, akamshukuru kwa kutonifukuza. Yule mtu alikunywa, akanigusa kichwa, akaenda zake. Mimi nilibaki nimesimama katikati ya uwanja, sielewi kwa nini anaachwa aende.

"Wajina, kaa chini," Susu akasema. "Kioko hakuna mahali ameenda. Sikumzaa. Niliolewa nikakosa mtoto, halafu mume wangu akakufa. Nikampa jina yule kijana ningezaa, nikamwolea mke. Mbuzi za mahari nilitoa mimi, mbele ya wazee wa ukoo. Mke ndiye mama yako. Hiyo ni desturi yetu, inaitwa iweto."

"Kwa hivyo Kioko hayuko?"

"Hayuko."

"Na ni baba yangu?"

"Ni baba yako."

Kichwa changu kilivurugika kabisa. Nilimwuliza basi ni nani aliyenizaa, akasema kuna mtu, mama yangu anamjua, na mtu huyo hana lake katika boma hili. Nikalia. Hata kulia kwenyewe sikujua namlilia nani. Wenzangu waliofiwa na baba walikuwa na kaburi, na koti lililobaki ukutani. Wangu hakufa wala hakuishi, na bado nilihisi kwamba amenitoka siku hiyo.

Susu aliniacha nilie, kisha akakasirika. "Unaenda kuokota baba barabarani," akasema. "Siku ya kuchimba msingi baba zote zilikuja. Ya kwako haikukuja?"

Jioni mama alifungua mlango, akaketi karibu nami, akasema neno moja tu: "Tulitaka ukue kwanza." Hilo ndilo neno lako, mwanangu, ulilolisema pale mlangoni, na ndiyo maana lilinichoma.

Mimi nilikua. Nikaolewa huku Kalamba. Mvulana wangu wa kwanza alichukua jina la baba ya mume wangu, na wa pili, kwa desturi, ilikuwa zamu ya baba yangu mimi. Wakwe zangu wakauliza baba yangu aliitwa nani. Nikasema Kioko. Hilo jina lako limetoka huko, na sasa umejua.

Nilikupeleka Salama ukiwa mchanga. Susu alikuwa haoni vizuri tena. Nikakuweka mikononi mwake, nikasema, "Susu, nimemleta Kioko."

Alikupapasa uso wote, polepole, akakutemea mate kidogo kifuani kama wazee wetu walivyobariki. "Umechelewa," akakwambia. "Mimi mama yako nimekungoja sana."

Kama alikuwa akizungumza na wewe au na yule mwingine, sijui.

Basi mwambie huyo mtoto. Mwambie angali mdogo, akiwa bado anaweza kukaa mapajani mwako wakati anayasikia hayo. Ataduwaa, na maswali mengine hutakuwa na majibu yake, lakini aduwae akiwa nyumbani na wewe ukiwa umemshika, si kando ya barabara akiwa ameshika mkono wa mtu wa Nuu. Ukishamwambia, shule ikiita wenye majembe, uende wewe.

Sasa sogea hapa, uache kusimama tena mlangoni. Ngoja nikutemee mate kifuani, na usijipanguse kama ulivyozoea. Mungu akupe subira ya Susu na mikono yake. Na yule mtoto, akishajua yote, akuite baba kwa hiari yake.