Behewa la Kwenda kwa Mama

Wanaosema treni ni vyuma tu hunikera. Mimi, Nyamizi, nimeuza wali na kuku stesheni ya Shinyanga tangu nina mimba ya binti yangu Juliana mpaka magoti yaliponikatalia, na treni yenyewe sijaipanda hata mara moja. Msinicheke! Wachuuzi tulikuwa na mwiko wetu: sahani unainyoosha dirishani, mguu unabaki chini. Mwenzangu Eufrasia alipanda kudai sahani yake, honi ikalia, akaenda kushushwa Malampaka na ndala moja mguuni.

Siku hizi Juliana anapikia wachimbaji huko Kharumwa. Wanawe, Lusia na Edson, aliniachia Edson akiwa bado anatambaa. Juzi akapiga simu: amepata nyumba ya maana, sasa anawataka watoto wake. Nikamjia juu. "Unadhani watoto ni masufuria, unaazimisha halafu unakuja kuyadai?"

Akasema taratibu, "Basi mama, waulize wenyewe. Wakitaka kubaki, sitawalazimisha."

Ahaa! Kuuliza nitauliza, nikasema moyoni, lakini kwanza niwalainishe. Jumamosi nikawavalisha nguo za kanisani, nikafunga maandazi kwenye mfuko, nikawapeleka makumbusho ya reli, pale uani mwa stesheni ambako wameweka kichwa cha treni ya zamani na behewa moja la daraja la tatu. Nilitaka waone bibi yao si mtu wa hivi hivi. Baada ya hapo nani tena atataka Kharumwa?

Mlinzi wa pale ni Magesa. Tangu akiwa mtoto nilikuwa namlisha ukoko wa wali, ndiyo maana hana adabu nami.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Umekuja kutazama, au umekuja uwekwe humu na wewe?"

"Nikiwekwa mimi, hicho chuma chako nani atakitazama? Fungua geti!"

Watoto wakapanda behewani, wakagombea dirisha. Mimi nikabaki chini. Mazoea yana tabu. Nikauinua mfuko wa maandazi juu, nikaita kama zamani, "Kuku huyo! Wali wa moto huo! Abiria, njaa haina adabu!" Lusia akacheka mpaka akashika tumbo. Jamani, nimeikumbuka ile kelele! Mabeseni kichwani, mikono ya watu ikining'inia madirishani, wenzangu tukisukumana na kutukanana, jioni tunagawana mchuzi uliobaki. Wengi wao sijui hata walizikwa wapi.

"Bibi, panda!" Lusia akaniita. "Treni inaondoka!"

"Mchuuzi hapandi."

"Itakuacha!"

Neno hilo likanichoma. Nikashika vyuma, nikapanda, magoti yakilalamika. Ndani kuna mabenchi ya mbao, magumu, nikawaonea huruma abiria wangu wote. Nikaketi, Lusia akaniegemea, nikamnusa nywele zake. Nikajua leo nimewapata. Edson alikuwa amesimama dirishani, ndiye dereva, anapiga honi kwa mdomo na mate yanaruka.

"Dereva," nikamwuliza, "tunakwenda wapi?" Nilitegemea aseme Mwanza. Kila siku nawasimulia samaki wa Mwanza.

"Kwa mama," akasema, akaendelea na honi yake.

Lusia akaruka, akamfinya mkono. "Tulisema usimwambie bibi!"

Edson akaangua kilio. Nikampakata, nikamfuta kamasi kwa kanga. Nikamgeukia Lusia. "Nani kawafundisha kunificha?"

"Hakuna," akasema, anatazama viatu vyake. "Ungelia."

"Mimi? Nilie kwa lipi?" Na machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. Kumbe muda wote huo wanalala kitandani kwangu, wanakula mkononi mwangu, na usiku wananong'onezana habari za mama yao. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nitakasirikaje? Hata mimi mama yangu ninamtaka mpaka leo, na nywele zote hizi nyeupe.

Nikatoa simu, nikampigia Juliana palepale kwenye benchi.

"Mama, vipi? Wamesemaje?"

"Njoo uwachukue," nikamwambia. "Na uje mwenyewe, usimtume mtu."

Edson akaninyang'anya simu, machozi bado mashavuni.

"Mama!" akapiga kelele. "Tuko kwenye treni! Tunakuja na bibi!"