Moshi wa Makumbi Siku ya Akdi Yangu

Chekeni tu, aibu yenyewe nimeshaizoea. Bweni zima la wanafunzi wangu lilicheka kabla yenu, na mama mkwe wangu mpaka leo nikikohoa ananisogezea maji huku kabana midomo.

Basi siku ya akdi nilifika ukweni mapema kuliko nilivyotakiwa (mwalimu wa bayolojia, kuchelewa siwezi), nikaona si vibaya nipite uani kuwaamkia mama wapishi. Masufuria ya pilau yako juu ya makumbi ya nazi yaliyolowa mvua, moshi umetanda, wao wanapangusa macho kwa mitandio. Mwenye akili zake angesema shikamoo akaenda. Mimi nikaanza somo.

"Mama zangu, neva za macho na koo zina vijilango. Kemikali za moshi zikivigusa vinafunguka, ayoni zinamiminika ndani, neva inapiga kelele mpaka kwenye ubongo: lia, kohoa! Ni taarifa tu hiyo. Ukishaielewa haikusumbui."

"Mwanangu, sogea, kanzu itanuka," akasema Bi Tatu, shangazi yake Mwanahawa, mchumba wangu.

Nisogee? Nikainama juu ya moto nikavuta pumzi ndefu ili waone, nikakohoa kidogo, nikatabasamu, nikaenda msikitini najiona shujaa.

Sasa kuna jambo huwa nawafundisha wanafunzi na siku ile nililisahau mwenyewe: neva ikishachokozwa na moshi hubaki nyepesi, kitu kidogo tu kinaiwasha tena. Na msikitini, kama ilivyo ada, kikaletwa chetezo cha udi afukizwe bwana harusi, kikawekwa karibu na goti langu. Baba mkwe akanishika mkono, "Nimekuozesha binti yangu Mwanahawa kwa mahari tuliyokubaliana," nami nikafungua mdomo nikubali, kikatoka kikohozi. Akarudia. Kikatoka kikohozi na machozi, na makamasi juu yake, nikatikisa kichwa kwa nguvu nikimaanisha ondoeni chetezo, watu wakaona nimekataa!

"Kijana, kama umelazimishwa, sema," shehe akaniambia kwa upole, ndiyo kwanza nikazidi kulia.

Mpaka naipata sauti (ya jogoo mgonjwa) na kukubali ipasavyo, habari ilishafika kwa wanawake kwamba bwana harusi kagoma. Nikaingia chumbani kumpa mkono bibi harusi, mkono wangu ukabaki hewani. Macho yake mekundu, na jikoni hakuwahi kufika.

"Eti umenikataa mbele za watu?"

"Hapana, ni neva za kooni, zina vijilango..."

"Mwalimu, aliyeuliza ni mimi, si mwanafunzi wako."

Niliogopa, jamani, niliogopa kweli. Kisha nikasema nimekubali, nikasema tena, na ya tatu sauti ikanikatika, machozi yakanitoka upya, na mle chumbani hapakuwa na moshi wowote. Akanipa mkono.

Tangu siku hiyo nimeapa, penye shughuli nikiwakuta wapishi natoa shikamoo yangu na kupita, tena napitia upande upepo unakotoka.