Salama ya Kituo cha Tisa

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa karani wa simu za reli pale Tabora. Kila siku saa mbili kamili asubuhi nilivaa visikilizio, nikavuta karatasi kubwa iliyopigwa mistari, nikaanza kuuliza. Vituo kumi na vinne vya upande wa magharibi vilikuwa kwenye waya mmoja, na kila kituo kilikuwa na mstari wake na vyumba vinne vya kujaza: maji, mafuta ya taa, mabehewa, hali. Nilizungusha namba ya kituo, nikatamka neno moja, nikapokea jibu moja, nikaandika. "Tatu. Maji?" Nusu tangi. "Mafuta?" Madebe mawili. Saa tatu jedwali lilitakiwa liwe mezani kwa mkuu wa chumba, kwa sababu ndilo lililoamua kiberenge, kile kigari kidogo cha relini, kibebe nini siku hiyo na kisimame wapi. Chumba cha hali kikiandikwa "mgonjwa", mganga alipanda na mkoba wake. Kikiandikwa "salama", alibaki.

Salamu zilikuwa marufuku. Mkuu wa chumba alituambia kwamba salamu ni za nyumbani, kazini tunataka jibu. Kwetu Gongoni mtu anaweza kukusimamisha barabarani, mkaulizana habari za watoto, za mvua na za mbuzi, ndipo akumbuke kwamba nyumba yake inaungua. Wazee wa vituoni walilalamika. Mimi sikulalamika, nilifurahi. Nilikuwa msichana mwenye cheti na majivuno, nikawa mkali kuliko mkuu mwenyewe. Mtu akianza kunieleza, nilikwishazungusha namba inayofuata. Nilimaliza vituo vyote kabla kahawa ya mkuu haijapoa, naye alinisifu mbele ya wanaume.

Kituo cha Tisa kilikuwa cha baba yangu.

Alikaa kule peke yake na mfunga njia mmoja, yule wa kugeuzia treni reli, kando ya kijiji kipya ambacho watu wake walihamishiwa pale wakiwa hawana hata kisima. Aliwagawia maji ya tangi la reli na kuwaandikia barua. Babu yake aliwahi kuipita njia hiyo kwa miguu, na mzigo begani, kwa hiyo baba hakuona upweke wowote wa kulalamikia. Mwisho wa mwezi alikuja nyumbani, nami nilimpigia magoti na kumwamkia shikamoo kama inavyopasa. Kwenye waya nilimwita Tisa. Siku ya kwanza alicheka kidogo. Baadaye alizoea, akawa ananijibu upesi kuliko wote ili nisionekane nampendelea.

Asubuhi moja ya masika alichelewa kupokea. Nikaudhika, naukumbuka vizuri udhia ule. Maji, akasema tangi limejaa. Mafuta, debe moja. Mabehewa, hakuna. Nikauliza, "Hali?"

"Salama," akasema. Akavuta pumzi. "Ila..."

"Kumi. Maji?" nikasema.

Nililisikia. Sitasema kwamba waya ulikwaruza. Nililisikia lile neno, nikaandika salama kwa mwandiko wangu mzuri, nikaendelea. Sisi sote huanza hivyo. Mtu ana msiba ndani, ukimuuliza habari atakujibu nzuri kwanza, ndipo aseme ila. Adabu hukaa kwenye jibu la kwanza, na shida hukaa kwenye la pili. Mimi nilizaliwa na kulelewa ndani ya desturi hiyo, na jedwali langu halikuwa na chumba cha jibu la pili.

Ilikuwa ngiri ya kinenani. Ilikuwa imejikaza tangu alfajiri. Ngiri si ugonjwa wa kumtajia binti yako, tena vituo vyote vikisikiliza, na nadhani alikuwa akitafuta neno la kuupitisha. Kituo hakikuruhusiwa kupiga simu Tabora isipokuwa kwa ajali ya treni, naye alikuwa mtu wa kanuni. Treni ya abiria haikuwa na zamu siku hiyo. Kiberenge kilipita pale adhuhuri bila kusimama, kwa sababu karatasi ilisema salama.

Kesho yake nilizungusha Tisa mara tatu. Kituo cha Kumi ndicho kilichoingia kwenye waya, kikaniambia taratibu, kwa sauti ya mtu mzima anayezungumza na mtoto, kwamba mzee amefariki usiku. Mganga alisema baadaye kwamba angefikishwa hospitali siku ile ile, huenda angepona.

Tulimzika. Wanawake walipotoka chumbani, mama alinishika mkono akaniuliza kama niliongea na baba asubuhi ile, na alisema nini. Nikamwambia alisema salama. Mama akafumba macho, akamshukuru Mungu kwamba mumewe hakuondoka mpweke, kwamba sauti ya mwisho ya nyumbani aliyoisikia ilikuwa ya mwanawe.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila aliyekuja kutupa pole, na baadaye kila mgeni, mama alimsimulia jinsi mimi na baba tulivyoagana kwenye simu. Nami niliketi pale pale mkekani, nikiitikia. Hakuwahi kujua kwamba baba nilimkata kauli.