Fundi wa Kuchora Marehemu

Enzi zetu pale Frere Town, mtoto aliyepigwa picha mara mbili kwa mwaka tulimwita mwana wa tajiri. Sisi wengine tulingoja Krismasi, mpiga picha apite, tujipange ukutani na viatu vya kuazima, macho yametutoka kama tumekamatwa na polisi. Wanangu leo wanapiga picha hata sahani ya chipsi. Chipsi zinapoa, wao bado wanatafuta mwanga.

Baba yangu, Fundi Karisa, alikula kwa rangi. Asubuhi aliandika namba kwenye milango ya malori kule Kipevu. Jioni alirudi akinuka tapentaini, na uani alikuwa na kazi ya pili: kuchora marehemu. Mtu akifa, jamaa zake walileta kitambulisho chake, kile chenye picha ndogo ya kukunja uso, naye Baba akaikuza kwa rangi ya mafuta juu ya ubao, wakaitundike matangani. Sisi watoto tulikula mahamri na mbaazi tukitazamwa na marehemu waliokuwa wanakauka. Tuliwazoea. Tulichojua ni kimoja tu: Baba akikuchora, umekwisha.

Sasa fikirini Jumamosi moja, nina miaka minane, naruka kamba, Baba akaniita.

"Sidi!"

"Abee, Baba."

"Njoo ukae kitako hapa. Leo nakuchora wewe."

Niliiweka kamba chini. Hapo nikaanza kuunganisha mambo. Juma lililopita nilikuwa na homa kali, na nesi alimvuta Mama pembeni wakanong'onezana. Nyanya alikuwa amekuja kutoka Kaloleni na kuku, wala haikuwa sikukuu. Kuku alipopikwa, firigisi, ambayo kwetu haikuguswa na mtu ila Baba, niliwekewa mimi. Tena juzi yake nilivunja mbuzi ya kukunia nazi nisipate hata kofi. Mama, ambaye mkono wake haukuwa na likizo, alisema tu, "Haya, okota." Mtoto gani wa enzi zile angeachwa hivihivi? Nikajua nakufa, na nyumba nzima inajua isipokuwa mimi.

Nilikaa kwenye kigoda nikimwangalia Baba kwa jicho la pembeni. Yeye alinitazama asivyowahi kunitazama, polepole, nyusi, shavu, kisha nyusi tena. Akawa anatabasamu peke yake. Hata tabasamu lile nililitilia shaka. Jioni akageuza ubao nione. Nilikuwa mimi, hadi pengo la jino na kovu la kidevuni. Nikapiga hesabu yangu ya kitoto: picha isipokuwa yangu, kifo hakitanitambua.

"Si mimi huyo," nikasema.

Baba alirudi nyuma hatua mbili, akaitazama. "Wasema kweli?"

"Si mimi, Baba."

Alichukua kitambaa chenye mafuta ya taa, akaufuta uso wote. Jumamosi ya pili alichora upya, nikakataa. Ya tatu nikakataa tena. Alinitazama, akatazama vidole vyake, kisha akaupaka ubao rangi nyeupe. Jumatatu ulikuwa tangazo la kinyozi. Mimi nikarudi kwenye kamba yangu, nimeponea chupuchupu.

Hakunichora tena, wala hakumchora mtu mwingine aliye hai.

Mwaka jana tulimzika. Tulipokuwa matangani nilimsimulia Mama kisa hiki, nikidhani tutacheka pamoja. Hakucheka.

"Kumbe ilikuwa hofu?" akaniuliza. "Mwanangu, ulikuwa umetoka homa, tukakudekeza. Babako alisema, nimechoka na wafu, nataka nimchore mmoja aliye hai, tena awe wangu. Ulipokataa akaniambia, mkono wangu umezoea maiti, mzima haumjui tena. Aliamini hivyo mpaka kufa."

Nilitoka nje nikalia peke yangu.

Siku hizi binti yangu anajipiga picha ishirini, anafuta kumi na tisa kwa kidole, na hakuna anayeumia. Nilikuwa nikimcheka, sasa nanyamaza. Picha zake ni nzuri, sikatai. Lakini hakuna simu iliyowahi kumtazama mtu Jumamosi tatu kwa mapenzi yale. Baba aliipatia sura yangu sawasawa tangu siku ya kwanza, na aliyejua hivyo ni mimi peke yangu.