Dada Mtu na Mabano Matupu

Dada mtu husoma Kiakadi, lugha ambayo wenyewe walikwisha zamani. Ndiyo maana, mdogo wake hupenda kusema, hajagombana nao bado. Kila asubuhi, chai ikipoa pembeni, hufungua ile kanzidata ya mtandaoni yenye mashairi na ngano zilizoandikwa kwenye vibao vya udongo, akipitisha kidole juu ya kioo taratibu kama anayechagua mawe kwenye mchele. Pale kibao kilipovunjika pamewekwa mabano matupu, naye hayajazi kwa kubahatisha, hata umpigie magoti. Hutafuta nakala nyingine ya shairi lile lile, iliyochimbuliwa mji mwingine, aone kama neno limesalimika huko. Asipolipata huguna, "Mh," akaendelea.

Wiki ile walipomzika mama yao, mdogo mtu, aliyefika hospitali maiti ishafunikwa, alimfuata mezani.

"Dada, mama alisema nini mwishoni?"

"Alisema, 'Mwambieni.' Akakohoa. Halafu, 'asilie sana.'"

"Mwambieni nani?"

"Hapo katikati sikusikia."

"Si useme tu ni mimi! Utapungukiwa nini, wewe mwanamke?"

Dada mtu alimtazama mdogo wake, macho yamevimba, kanga imefungwa upande, kisha akafunga kompyuta, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata kwa ajili ya wageni au moto jikoni.

"Vaa viatu," alisema. "Muuguzi alikuwa upande wa pili wa kitanda cha mama."