Gari Asilolisikia Shigela

Mume wangu Shigela aliunda gari kwa mikono yake mwenyewe, na hajawahi kulisikia. Naanza na hilo kwa sababu yeye angeanza kukueleza fremu, injini na rangi, ungeondoka bila kujua shida ilikuwa wapi. Shida ilikuwa masikioni. Ujana wake wote aliumaliza ndani ya matumbo ya meli, akigonga kutu kwa nyundo. Alipostaafu alirudi nyumbani Buhongwa na mikono mizima, miguu mizima, na masikio ya kutundikia miwani.

Ukimwambia hasikii, anakasirika. Kwa maelezo yake, watu wa siku hizi wamekuwa wavivu wa kusema, wananong'ona tu. Mimi ninayeishi naye nimegeuka mpiga kelele, na mtaa mzima unanijua hivyo. Nikimwambia chai iko tayari, hata jirani wa ng'ambo ya barabara anajua chai iko tayari.

Gari lenyewe lilikuja likiwa kwenye makasha. Mhandisi mmoja mgeni, wa mgodini, aliliagiza kutoka kwao vipande vipande ili aliunge mwenyewe siku za mapumziko. Mkataba wake ukaisha kabla hajafungua hata kasha la kwanza, akamwachia Shigela, aliyekuwa akimtengenezea boti. Kulikuwa na fremu ya mabomba, bodi ya faiba na viti viwili. Injini haikuwemo, wala ekzosi, yaani bomba la moshi. Injini Shigela aliitoa kwenye Korola iliyopinduka. Ekzosi aliichomelea mwenyewe, na hapo ndipo tulipoharibikiwa.

Gari la kujiundia haliingii barabarani hivi hivi. Lazima likaguliwe kwanza ndipo lipewe namba. Mara ya kwanza lilipita breki, likapita taa na usukani, likakwama kwenye kipimo cha kelele. Shigela akabishana na mkaguzi mbele za watu. "Gari hili linanong'ona," alisema, na watu wakaangua kicheko, kwa sababu wote tulikuwa tumeziba masikio. Yeye alidhani wanamuunga mkono. Nilitamani ardhi ipasuke. Mkaguzi akasema litapimwa mara moja tu nyingine. Likishindwa, halisajiliwi tena, akaliuze vipuri.

Kuanzia hapo nikawa masikio yake, bila mmoja wetu kulitamka jambo hilo. Alikuwa akiingia chini ya gari, anafungua sailensa, lile kopo la kupunguza kelele kwenye ekzosi, anaijaza stiliwaya zangu za kusugulia masufuria, anafunga, anawasha, kisha ananitazama usoni. Nikikunja uso anarudi chini. Sikuwahi kujali magari maishani mwangu, lakini nilianza kuzijua sauti zake: ile ya kukoroma, ile ya kupasua, ile ya mluzi mahali panapovuja. Hata kutoka jikoni niliweza kusema nati ipi imelegea. Siku niliyotabasamu alizima injini, akafuta mikono, akasema, "Si nilikwambia linanong'ona?" Nusura nimpige na spana.

Siku ya kipimo ilipokaribia nilimwomba kitu kimoja tu, amwambie mkaguzi ukweli. Hapo alinisikia vizuri sana.

"Wakijua, wanachukua leseni," akasema. "Sasa gari likipita, nani ataliendesha? Wewe?"

Ikabidi tupange. Katika kipimo kile mkaguzi anakaa nyuma, penye ekzosi, na chombo chake. Dereva anakanyaga mafuta, injini ikifika mzunguko unaotakiwa anaishikilia hapo, na akiambiwa acha, anaachia. Tukakubaliana nisimame nyuma upande wa kulia, anione kwenye kioo. Nikishusha kitenge, aachie. Nilikubali shingo upande, na nikaahidi kutosema kitu.

Gari lilipelekwa mjini juu ya lori, Fuso ya kubebea mchanga, sisi tukiwa mbele na dereva, na mdogo wangu Pius akiwa nyuma analishikilia lisiyumbe. Pius ni dereva wa teksi, alikuja kutusaidia kulishusha. Uwanja wa ukaguzi uko karibu na ziwa. Tulipolishusha, Shigela akaipungia Fuso iende zake. Nilimwambia isubiri. Hakusikia, au alisikia akapuuza. Kwake siku hizi ni vigumu kutofautisha. Sasa tungetoka getini na gari lenye namba, au tungetoka geti lile lile kwa miguu.

Mkaguzi wa zamu alikuwa dada mmoja mrefu, Afande Kokulinda. Shigela alikuwa ameinama kwenye boneti, amempa mgongo.

"Shikamoo, mzee," afande akasema.

Akarudia kwa sauti zaidi. Shigela anafuta plagi.

"Marahaba, mwanangu," nikaitikia mimi, haraka mno. Afande akanitazama, akamtazama Shigela, akaenda kufunga chombo chake juu ya kigoda cha chuma. Nilimwona amekwazika. Mtu mzima asiyeitikia salamu ya mtoto wa watu anaonekana ana dharau, na mimi sikuwa na ruhusa ya kusema kuwa hana.

Upepo wa ziwani ukaanza kuvuma. Afande akasema chombo kinasoma hata upepo, tusubiri utulie, ila injini iwe inawaka ipate joto. Hilo sikulipenda. Stiliwaya zikipata moto sana zinaungua na kurushwa nje, na kila zinavyopungua ndivyo sauti inavyopanda. Nilisimama pale roho juu, nasikiliza. Bado ilikuwa nzuri. Shigela alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, ananiangalia kwenye kioo.

Upepo ukatulia. Afande akachuchumaa nyuma.

"Mama, sogea. Mtu akisimama karibu anarudisha sauti. Nendeni kule ukutani, wewe na kaka."

Nikasogea hatua moja. Akanionyesha ukuta tena kwa mkono. Nikaenda, na nikaona kwenye kioo uso wa mume wangu unatoka, inabaki anga.

"Haya, mzee, kanyaga."

Kwa bahati, hapo Shigela alimwona msaidizi wa afande akimpa ishara kwa mkono huku akipita kwenda getini. Akakanyaga. Sauti ikapanda sawasawa, ikafika mahali pake, ikatulia. Ilikuwa nzuri, nakwambia. Kwa mara ya kwanza ilinijia kuwa gari hili lingepita.

"Acha," akasema afande.

Shigela hakuachia.

"Acha, mzee. Acha."

Mguu wake ulikuwa pale pale, macho yake kwenye kioo, ananitafuta. Nikafungua mdomo. Miaka yote nimempigia kelele mwanaume huyu, kelele za chai, za wageni, za mvua inayonyeshea nguo. Sasa ilikuwa imefika siku ya kupiga ile ya maana, na nisingeweza, kwa sababu kile chombo kingeihesabu. Namba ya juu kabisa ndiyo inayoandikwa, iwe ya injini au yangu mimi, Mama Hellen. Nikafunga mdomo, meno yakagongana. Na ndipo nikaisikia sauti inaanza kupasuka, chembe kidogo tu, na cheche moja ikatoka kwenye ekzosi.

Nikavua ndala nikakimbia. Nilipita ubavuni mwa gari nikasimama mbele ya boneti, nimenyanyua mikono yote miwili kama mtu anayezuia ng'ombe. Akaniona, akaachia.

Afande akaja kwa hatua ndefu. "Mama, umeharibu kipimo." Kisha akainama dirishani. "Mzee, nimesema acha mara ngapi?"

Shigela akatabasamu. "Injini ni ya Korola," akajibu. "Niliitoa mwenyewe."

Pius akatazama chini. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Afande akanigeukia, akaniuliza taratibu, "Mama, mzee anasikia?"

Nilikuwa nimeahidi. Nikatazama vidole vya miguu yangu, na machozi yananilenga. Sijui uchungu ule ulikuwa wa nani, wa kwake au wa kwangu.

Mtu asiyesikia anajifunza kusoma nyuso. Alisoma yangu, akasoma ya Pius, akasoma ya afande. Akazima injini, akashuka, akasimama kando ya gari lake, na kwa ile sauti yake kubwa, iliyofika mpaka getini, akasema, "Sisikii. Gari hili amelisikiliza mama huyu. Mimi nimekaza nati tu."

Miaka yote hiyo nilikuwa nalisubiri neno hilo nije nimcheke. Sikucheka. Nilitaka kumfunika na kitenge changu asionekane na mtu.

Afande akasogea mpaka mbele ya uso wake, akasema kwa midomo iliyofunguka vizuri, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Kipimo kimeharibika, kwa hiyo hakihesabiwi. Narudia. Leo napima gari. Masikio ni habari nyingine, nayo sitaiacha."

Akaniweka mbele, mbali na boneti, mahali Shigela anaponiona na mimi namwona afande. Mkono wake ukishuka, nishushe kitenge. Jambo jepesi namna hiyo, na tungeliomba toka asubuhi.

Lakini sailensa ilikuwa imeshaungua, na mimi tu nilijua kiasi gani. Alipokanyaga niliisikia: mle ndani kulikuwa na mpasuko, unakuja na kupotea. Cheche mbili, tatu. Nilimkazia macho Shigela nikajikaza kisabuni uso usikunjike, maana angeona mkunjo angelegeza mguu, na kipimo kingeharibika tena. Yeye ananiangalia, mimi namtabasamia kwa nguvu. Mkono ukashuka. Nikashusha kitenge mpaka chini, karibu nianguke nacho.

Afande aliitazama namba kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Limepita," akasema. "Chupuchupu. Hiyo sailensa itengenezwe upya." Akanyoosha mkono. "Na leseni ya mzee nabaki nayo, mpaka apimwe masikio hospitali."

Gari likapita, dereva akabaki. Shigela akaitoa leseni mwenyewe, akaifuta kwenye shati, akamkabidhi. Nilisubiri agombe. Hakugomba.

Tulipewa kibali cha kulifikisha nyumbani. Pius akashika usukani. Shigela akazunguka upande wa pili, akafungua mlango, akakipangusa kiti kwa kiganja, halafu akasimama hapo.

"Mama Hellen, ingia."

Viti vilikuwa viwili tu. Nikamwonyesha kidole, na yeye je?

"Nitakuja na bodaboda. Mimi nikikaa humo nitaona barabara tu. Kaa wewe, usikilize. Nikifika utaniambia."

Alitukuta nyumbani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakwenda kuliangalia gari. Alivuta stuli akaketi mbele yangu, magoti yetu yakagusana, akayakaza macho yake mdomoni kwangu.

"Haya," akasema.

Nikaanza pale getini, Pius alipobadilisha gia ya kwanza. Sikupaza sauti hata kidogo.